Ukuta Uliokula Pumzi

Mhadhara wa jioni uliotolewa Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya walimu wa sayansi, mafundi ujenzi na wanafunzi

Walimu wenzangu, mafundi, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma mkidhani siwaoni. Kabla sijaanza nina ombi moja: aliye karibu na dirisha hilo alifungue, na lile la pili pia. Tumejaa humu, na habari niliyoileta ni ya watu walioishiwa hewa. Sitaki mfano wangu uwe wa vitendo.

Habari hiyo niliipata katika safari ya siku moja. Mwezi wa Juni nilikuwa Tucson, jimbo la Arizona kule Marekani, kumtembelea binti yangu. Juni ya huko si ya mchezo. Saa nne asubuhi jua limeshakukamata shingo, na jasho hulioni kwa sababu linakauka kabla halijashuka. Kwa mtu wa pwani aliyezoea kulowa, huo ni utapeli: mwili unakaukiwa na mwenyewe huna habari. Pande zote ni jangwa la Sonora, wala si lile jangwa la michanga mitupu tunalowachorea watoto ubaoni. Lina vichaka vya miiba, lina majabali, na lina mpungate mkubwa uitwao saguaro, unaosimama mikono juu kama trafiki aliyesimamisha magari ya pande zote halafu akasahau kuyaruhusu.

Aliyenipeleka ni kijana wa Bukavu, jirani wa binti yangu. Msishangae, mji ule umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, na Kiswahili nilikisikia dukani siku yangu ya pili. Tuliondoka alfajiri kuelekea kaskazini, kiasi cha kilomita 50, mpaka vilima vya Oracle, ambako ardhi imeinuka karibu mita 1,200 na joto limepungua ukali kidogo. Kwenye kona moja ndipo likatokea jumba tuliloliendea: vioo juu ya vioo kwenye kiunzi cheupe cha chuma, upande mmoja limepanda ngazi kwa ngazi kama piramidi, upande mwingine lina mapaa ya mviringo kama mikate iliyopangwa, na pembeni yake kuba mbili nyeupe zimekaa peke yake.

Nilikuwa nimemweleza habari zake njiani. Akazima gari, akalitazama, akaniuliza, “Papa, kumbe balifunga batu humu miaka mibili? Balifanya kosa gani?”

Nikamwambia hawakufanya kosa lolote. Waliomba wenyewe.

Akatikisa kichwa. Yule amekulia kambini; suala la kufungiwa mahali na kupimiwa chakula alilijua vizuri kuliko mimi, nami sikumwendeleza.

Jumba hilo linaitwa Biosphere 2. Ya kwanza ni hii dunia tuliyomo. Lilijengwa kati ya 1987 na 1991 kwa fedha za Ed Bass, tajiri wa Texas ambaye ukoo wake ulineemeka kwa mafuta, na aliyebuni wazo na kuwaongoza watu wake ni John Allen. Eneo lake ni hekta 1.27, halifiki viwanja viwili vya mpira. Ndani ya eneo hilo walitia msitu wa mvua, savana, jangwa la ukungu, kinamasi cha mikoko, bahari yenye matumbawe, shamba, na nyumba ya watu. Chini kabisa walitandika chuma kisichoshika kutu ili hata udongo wa Arizona usiguse wa ndani. Vioo vilizibwa kwa ustadi ambao hadi leo unastahili sifa: hewa iliyovuja kwa mwaka mzima haikufika asilimia 10. Nyumba yangu mimi, madirisha yakiwa yamefungwa, hupoteza zaidi ya hiyo kabla ya chai ya asubuhi.

Tarehe 26 Septemba 1991 wakaingia watu wanane, wanawake wanne na wanaume wanne, mlango ukafungwa nyuma yao. Walitoka tarehe ileile mwaka 1993. Katika miaka hiyo miwili walitakiwa kula walichokipanda, kunywa maji yaleyale yaliyokwisha kupita miilini mwao na majanini, na kuvuta pumzi iliyotengenezwa na mimea iliyowazunguka. Nishati haikuhesabiwa. Umeme wa kupooza jumba ulitoka kwenye mitambo ya gesi iliyokuwa nje ya vioo, ikinguruma usiku na mchana. Hili wageni wengi hulipita haraka. Mimi lilinisimamisha kidogo, kwa sababu bila ile gesi jua la siku moja tu lingewapika wote wanane pamoja na mbuzi wao.

Tuingie ndani sasa. Unapofunguliwa mlango wa msitu wa mvua, miwani inaingia ukungu papo hapo, na kwa mara ya kwanza tangu nitue Arizona nikahisi ngozi yangu imerudi kwao. Harufu ya majani yanayooza, matone yakidondoka, migomba, mipapai. Kijana wangu wa Bukavu alicheka peke yake. Tukapita ukingoni mwa savana, juu ya bahari yao, na hapo chini nikaona mikoko. Ile ilichukuliwa Florida, imesafirishwa pamoja na matope yake. Nilisimama pale mbele ya mikoko katikati ya jangwa, futi elfu kadhaa juu ya bahari, nikafikiria boriti zilizobeba dari za mji huu. Na komba pia walipelekwa! Wa jamii ya hawahawa wanaotulilia usiku mashambani. Sijui kama aliyewachagua aliwahi kusikia sifa zao katika mji wenye tembo la mnazi, lakini nadhani angemuuliza mgema kwanza.

Kuna jambo moja la miti ambalo walimu wa biolojia waliopo nawaomba walichukue darasani. Miti mle ndani ilirefuka haraka, kisha mingi ikalegea na kuinama, mingine ikavunjika kwa uzito wake. Sababu ni kukosa upepo. Mti unaosukumwa huku na huku hujijengea mbao ngumu mahali panapoelemewa. Usiposukumwa haujui pa kujikazia. Mnazi wa ufukweni umepigwa na kusi, ukapigwa na kaskazi, ndiyo maana umelala vile na bado umeshika. Wale wajenzi waliuondoa upepo bila kukusudia. Hakuna aliyeuandika kwenye orodha ya mahitaji.

Chakula nacho kilikuwa shida. Shamba lilizidi kidogo nusu ekari, na lilitakiwa kulisha watu wanane. Walipata kutoka humo zaidi ya asilimia 80 ya walichokula, na mkulima yeyote hapa atakiri kwamba si haba. Viazi vitamu, ndizi, mapapai, karanga, mpunga, ngano kidogo, maziwa ya mbuzi, perege waliofugwa kwenye majaruba. Walikula viazi vitamu kwa wingi hata ngozi zao zikaingia rangi ya machungwa. Walikonda, wanaume zaidi kuliko wanawake. Daktari wao, Roy Walford, aliyeingia akiwa na umri wa miaka 67, alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza panya wanaolishwa kidogo wakaishi muda mrefu, kwa hiyo yeye njaa ile aliiona kama bahati ya utafiti. Wenzake walimvumilia. Baadaye wanane wakagawika wanne kwa wanne, ikawa kundi halisemi na kundi. Magazeti yalipenda sana habari hiyo. Lakini ugomvi wa watu wenye njaa chini ya paa moja hauhitaji mhadhara, na kila mwenye ndugu anaujua.

Nilichokuja nacho mimi ni habari ya hewa.

Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Mle ndani ilianza hivyohivyo, kisha ikaanza kushuka. Haikushuka kwa kishindo. Kila mwezi ilipungua kidogo. Baada ya miezi 16 ilikuwa asilimia 14 na nukta kidogo. Kwa mtu wa hapa mfano wa karibu ni Kilimanjaro: ni kama kukaa juu ya kituo cha Horombo, hujafika Kibo, lakini hushuki kesho. Unalala huko, unalima huko, unakamua mbuzi huko. Walishindwa kumaliza sentensi bila kukatisha ili wavute pumzi. Usiku walishtuka usingizini wakitweta. Januari 1993 uongozi ukakubali yaishe, ikaingizwa oksijeni kutoka nje kupitia mojawapo ya zile kuba nyeupe, na wale watu wakaanza kukimbia humo ndani kama watoto walioachiwa mapumziko.

Zile kuba ndizo mapafu ya jumba. Jua likiwaka hewa hutanuka, na jumba la vioo lililozibwa hivyo lingepasuka. Basi hewa ya ziada hupita kwenye njia ya chini kwa chini hadi ndani ya kuba, na humo kuna turubai kubwa la mpira lililoshikilia sahani nzito ya chuma katikati. Mchana sahani hupanda, usiku hushuka. Tulitembea katika ile njia mpaka ndani ya pafu la kusini. Mtu akikohoa sauti inazunguka na kumrudia. Mlango wa kutokea ulipofunguliwa, ile sahani iliyokuwa juu yetu ikasukuma hewa, upepo ukatupiga mgongoni ukataka kutubwaga nje. Kofia yangu ilitangulia.

Sasa, oksijeni ilikwenda wapi? Jibu la kwanza lilipatikana upesi: udongo. Wabunifu walitaka shamba lenye rutuba ya miaka mingi, wakajaza udongo wenye mboji tele. Vijidudu vya udongoni vilikaribishwa karamuni, navyo havikungoja. Vilikula ile mboji, na kila kinachokula hivyo huvuta oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi. Mwanga nao ulikuwa haba, maana vioo na vyuma vilizuia karibu nusu ya jua, na majira yale ya baridi yalikuwa na mawingu kupita kawaida. Kwa hiyo mimea haikuweza kurudisha oksijeni kwa kasi iliyoliwa. Warusi waliotangulia mambo haya kule Krasnoyarsk, Siberia, tangu 1972, hawakukumbana na balaa hilo. Chumba chao kilikuwa cha chuma, ngano yao ilioteshwa bila udongo. Kilikuwa kidogo, cha watu watatu, na hakikuwa na komba wala bahari, lakini hesabu yake ilikaa sawa.

Jibu hilo, hata hivyo, lilileta fumbo kubwa zaidi, na hapa mhasibu yeyote atanielewa. Oksijeni ikiliwa, kaboni dayoksaidi lazima itokee kwa kiasi kinacholingana. Kwa oksijeni iliyopotea, kaboni dayoksaidi ingepaswa kujaa mle ndani hadi kuwaua. Ilipanda, ndiyo, majira ya baridi ilifika mara kumi na zaidi ya ile ya nje. Lakini bado ilikuwa chembe tu ya deni lililotakiwa kuonekana. Upande mmoja wa daftari fedha zimetoka, upande wa pili hazijaingia popote. Kulikuwa na mtambo wa kunasa kaboni dayoksaidi ambao umma haukuelezwa habari zake mwanzoni. Waandishi wa habari ndio waliofichua. Siwatetei wasimamizi kwa hilo. Ukishaanza kuficha kifaa kimoja, hata ukweli unaoufuata watu wataunusa kabla ya kuumeza. Ila hata ukiuhesabu mtambo ule, daftari halikufungika.

Aliyelifunga ni mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Jeff Severinghaus, akiwa chini ya mwanasayansi mashuhuri Wallace Broecker. Walitoboa na kutoa vipande vya zege kutoka kuta za ndani, wakavilinganisha na zege la nje. La ndani lilikuwa limejaa kaboni iliyogeuka jiwe. Ukuta ndio mwizi. Matokeo yalichapishwa 1994.

Mafundi mliokaa upande huu, naona mmeshaanza kutazamana.

Babu yangu alikuwa fundi chokaa. Tulipanga magogo duara, tukaweka mawe ya matumbawe juu, tanuu likawashwa, likalia usiku kucha. Kinachotoka ndani ya jiwe wakati ule si moshi wa kuni peke yake. Jiwe la matumbawe limeundwa na kalisi iliyoshikana na kaboni dayoksaidi, na moto huwaachanisha. Katika kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 hupaa angani na kilo 56 hubaki kama chokaa. Ndiyo maana jiwe lililoiva vizuri huwa jepesi mkononi, na babu alilipima hivyohivyo, kwa kulirusharusha kiganjani. Kisha unamwaga maji, linachemka, linapasuka, linakuwa unga. Unachanganya na mchanga na udongo mwekundu, unajenga. Halafu unangoja. Ukuta unakauka kwa siku kadhaa, lakini babu alikataza kuuita tayari. Alisema ukuta wa chokaa haukauki, unakomaa, na kukomaa kwake ni miaka.

Alikuwa sahihi kwa namna ambayo mimi niliifahamu nikiwa na mvi. Ile chokaa inaivuta tena kutoka hewani ileile kaboni dayoksaidi iliyofukuzwa na tanuu, na kidogo kidogo inarudi kuwa jiwe. Kuta za mji huu zimefanya hivyo kwa karne nzima na zaidi, na hakuna aliyeishiwa pumzi, kwa sababu nje ya ukuta kuna dunia yote. Zege la saruji lina chokaa ya namna hiyo ndani yake, nalo lina kiu hiyohiyo. Sasa chukua zege jipya, tani kwa tani, lifungie ndani ya vioo pamoja na hewa yenye kaboni dayoksaidi mara kumi ya kawaida. Litakunywa. Na kila chembe linayoinywa inaondoka na oksijeni iliyotoka kwenye mapafu ya mtu au tumboni mwa kijidudu, na mmea haupati nafasi ya kuirudisha. Walihesabu kila mbuzi na kila mgomba mle ndani. Kuta hawakuzihesabu, kwa kuwa waliziona ni chombo tu cha kubebea vilivyomo.

Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta mmoja kule chini, penye mabomba na mitambo, nikaugusa. Kijana wangu akauliza natafuta nini. Nikamwambia nasalimia.

Jumba lenyewe halikukaa kimya baada ya hapo. Kundi la pili liliingia Machi 1994, likatoka kabla ya mwaka kuisha, huku wamiliki na wasimamizi wakigombana hadi kufikishana kwa vyombo vya dola. Columbia ikalisimamia kuanzia 1996 hadi 2003, na sasa ni mali ya Chuo Kikuu cha Arizona. Lile shamba la viazi vitamu halipo tena. Mahali pake pana miteremko mitatu mikubwa ya mawe meusi ya volkano yaliyosagwa, kila mmoja wa urefu wa mita 30, umejaa vipimo vinavyofuatilia tone la mvua linavyozama na jiwe tupu linavyoanza kugeuka udongo. Haina mvuto kwa mgeni aliyekuja kutafuta komba. Mimi ningeweza kukaa pale hadi jioni.

Lakini kazi iliyonigusa zaidi ilifanyika katika ile bahari yao, lita milioni mbili na nusu na ushei, wakati wa Columbia. Waliacha kufunga watu, wakaanza kupima matumbawe. Chris Langdon na wenzake walibadilisha kemia ya maji kwa makusudi, wakaonyesha mwaka 2000 kwamba kaboni dayoksaidi ikizidi majini, matumbawe hujenga mawe yao polepole zaidi. Kabla ya hapo wengi waliamini matumbawe hayatajali. Kulikuwa na haja ya bahari ambayo unaweza kuifunga na kuihesabu yote, na bahari ya namna hiyo ilikuwa moja tu, jangwani.

Sisi tumekaa juu ya matumbawe, tumejenga kwa matumbawe, tumechoma matumbawe kupata chokaa ya kuyaunganishia. Mvuvi wa hapa anakumbuka 1998, miamba ilipopauka, na anakumbuka 2016. Ile ilikuwa kazi ya joto, na joto na kemia ni mambo mawili tofauti. Nawasihi walimu msiyachanganye darasani. Ila yanatoka tanuu moja.

Tuliondoka alasiri. Nje joto lilikuwa limekaa juu ya lami likicheza. Kijana akafungua madirisha yote manne ya gari, akaacha kiyoyozi, akavuta pumzi ndefu kwa makusudi, kisha akaniambia, “Papa, mimi sitarudia kulalamikia hii hewa ya moto.” Hatukufika mbali, akayafunga, akawasha kiyoyozi.

Naona mikono mitatu. Tuanze na fundi aliyekaa karibu na dirisha, maana amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja udongo mwekundu, na nahisi vipimo vya babu yangu havikumridhisha.